Wamarekani na Nguvu za Dunia: Mawazo Yanayoongoza Mikono



Siku moja, baada ya somo, kijana mmoja aliniuliza neno hili: «Padri, tunasoma ya kuwa Wamarekani ni watu karibu 4 tu katika kila watu 100 wa dunia, lakini wanatumia zaidi ya sehemu 15 katika kila sehemu 100 za nguvu zote zinazotumiwa duniani. Je, ni watu wabaya kuliko wengine?» Wenzake walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu swali lilikuwa zuri, na jibu la upesi lingekuwa jibu baya. Nilimwambia angoje. Maneno yafuatayo ndiyo jibu langu kwake, na kwa kila mmoja wenu mwenye swali kama lile.

Kwanza tusikilizane juu ya neno lenyewe. Nikisema «nguvu» nataka kusema yote yanayowasha taa, yanayopasha nyumba moto na yanayoendesha mashini: kuni na makala, makaa ya mawe, petroli na gazi, maji ya mito, uraniumu, jua na upepo. Nikisema «mali ya inchi» nataka kusema udongo, maji, misitu, nyama wa pori na madini.

Pili, tujue ya kuwa mtu hatumii mali hizo kwa mkono peke yake. Kabla mkono haujawasha motokari, moyo umekwisha kusema: hiki ni chema, hiki ni haki yangu, hiki ni cha kuonea haya. Mawazo hayo mtu huyapokea kwa wazazi wake, kwa sheria za inchi yake, na kwa hadithi anazosimuliwa. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Na taifa pia ni mtoto wa malezi yake. Tutazame basi namna taifa la Marekani lilivyolelewa.

I. Inchi isiyo na mwisho

Wazungu waliovuka bahari kwenda Amerika katika karne ya 17 na ya 18 walitoka katika inchi ambamo misitu mingi ilikuwa ya mfalme ao ya mabwana wakubwa. Maskini aliyewinda humo aliweza kutiwa kifungoni. Walipofika ng'ambo, walikuta mabonde, mito na misitu isiyopimika kwa macho. Kweli, inchi ile ilikuwa na wenyewe, mataifa mengi ya wenyeji. Lakini wageni walikuwa na wazo moja lililowafumba macho: udongo ni wa yule anayeulima. Mwingereza John Locke alikuwa amekwisha kuandika, mwisho wa karne ya 17, ya kuwa mtu akichanganya kazi yake na udongo, udongo ule unakuwa wake. Tena wengi wao walikuwa wasomaji wa Biblia. Katika kitabu cha Mwanzo walishika sana amri ya kuitawala dunia, kuliko ile sura ya pili inayosema ya kuwa mtu aliwekwa bustanini ailime na kuitunza.

Serikali yao ilitia wazo hilo katika sheria. Mwaka wa 1862 ilitangaza ya kuwa mtu akikubali kukaa katika shamba jipya na kulilima kwa miaka 5, atapewa eka 160, maana yake karibu hektari 65, bila kulinunua. Fikirini furaha ya mtu ambaye babu yake hakuwa na hata bustani! Hapo ndipo ulipozaliwa moyo ambao Wamarekani wanajivunia hata leo: mtu hazaliwi mtumishi wa bwana, anajitegemea, na kazi ya mikono si aibu. Ni tunda jema, wala tusilidharau. Lakini tusisahau ya kuwa Waafrika waliofungwa utumwani hawakupata sehemu katika furaha ile. Katika mashamba ya Kusini, mpaka mwaka wa 1865, nguvu iliyotumiwa ilikuwa miili yao.

Tunda la pili halikuwa jema. Mtu aliyeambiwa ya kuwa inchi haina mwisho hajifunzi kutunza. Udongo ukichoka, anasogea mbele. Nyati wa Amerika, wanaoitwa bizoni, walikuwa makumi ya milioni. Mwisho wa karne ya 19 walibaki mamia machache tu. Palikuwa na njiwa wa pori waliopita angani kwa makundi makubwa hata jua likafunikwa. Wa mwisho alikufa katika tundu, mjini Cincinnati, mwaka wa 1914. Wengi hawakukusudia kuwamaliza. Walisema tu: wako wengi.

Mwaka wa 1890, waliohesabu watu wa Marekani walisema ya kuwa mpaka wa inchi mpya hauonekani tena. Miaka 3 baadaye, mwalimu wa historia jina lake Frederick Jackson Turner aliwaeleza wenzake mjini Chicago ya kuwa mpaka ule ndio uliofanya moyo wa Wamarekani. Inchi isiyo na mwisho ilikuwa imefika mwisho wake. Lakini moyo uliolelewa nayo uliendelea kuishi.

II. «Kilicho chini ya shamba langu ni changu»

Hapa kwetu, sheria inasema ya kuwa madini yaliyo chini ya udongo ni mali ya Leta. Mtu aweza kulima mihogo juu ya shaba, asiwe na haki juu ya shaba ile. Kule Marekani, katika mashamba ya watu, desturi ni nyingine: mwenye shamba ndiye mwenye kilicho chini yake, mpaka auze haki hiyo. Sheria hii imefanya mambo makubwa.

Mwaka wa 1859, karibu na Titusville katika Pennsylvania, Edwin Drake alitoboa shimo la mita 21 hivi, akapata petroli. Watu walikimbilia kule. Lakini petroli haikai chini ya shamba moja peke yake. Ziwa moja la petroli laweza kuwa chini ya mashamba kumi. Ni ya nani basi? Mahakimu walijibu: ni ya yule anayeitoa. Mmeona wazee wanaokunywa pombe katika chungu kimoja, kila mmoja na mrija wake. Mmoja akisema «mimi nitakunywa polepole», wenzake watamshukuru, na chungu kitakwisha. Ndivyo ilivyokuwa. Mtu mwenye kiasi alipoteza, mwenye haraka alipata. Tarehe 10 Januari 1901, penye kilima cha Spindletop, karibu na Beaumont katika Texas, petroli iliruka juu kuliko minara ya kutobolea. Siku baada ya siku ikamwagika kabla watu hawajaweza kuifunga. Ilipasa kungoja mpaka miaka ya 1930 ndipo serikali ya Texas ilipoweka mpaka wa petroli ambayo kila shimo laweza kutoa.

Mnaona, ndugu zangu, ya kuwa ubaya haukuwa katika mioyo tu. Sheria yenyewe iliadhibu fadhila ya kiasi. Lakini sheria ileile ilileta pia bidii kubwa, kwa sababu kila mwenye shamba alikuwa na faida ya kumkubali mchimbaji. Hata katika siku zetu, mafundi walipopata njia ya kupasua mawe chini sana kwa maji na mchanga kusudi petroli na gazi zitoke, wenye mashamba wengi walitia sahihi, wakapata sehemu yao. Mwaka wa 2018 Marekani ilizipita Urusi na Arabia Saudi kwa wingi wa petroli inayotolewa.

III. Uhuru wa kwenda

Muulizeni Mmarekani neno alipendalo kuliko yote. Wengi watajibu: uhuru. Na uhuru kwao una miguu. Ni kuweza kuondoka, kwenda mahali pengine na kuanza upya bila kuomba ruhusa. Henry Ford aliufahamu moyo huo. Mwaka wa 1908 alitoa motokari yake iliyoitwa Model T, kwa bei ya dola 850. Mwaka wa 1913 akapanga kazi namna mpya: motokari ilipita mbele ya wafanyakazi, kila mmoja akitia kipande chake. Bei ikashuka mpaka chini ya dola 300, na mpaka mwaka wa 1927 zilikwisha kutengenezwa motokari milioni 15 za namna ile. Kitu cha tajiri kikawa kitu cha mkulima.

Baada ya vita vya pili, kuanzia mwaka wa 1947, vijiji vipya kama Levittown vilijengwa nje ya miji: kila jamaa na nyumba yake, majani yake na motokari yake. Mwaka wa 1956 Rais Eisenhower alitia sahihi sheria ya barabara kubwa za kuunganisha inchi yote, zaidi ya kilometri 60,000.

Hapa lazima tusimame kidogo. Mwanzoni palikuwa na wazo: ni vizuri kila mtu awe na nyumba yake mbali na kelele. Wazo lile liligeuka barabara na nyumba. Sasa barabara na nyumba zile zinawaamuru watoto wa waliozijenga. Mama anayekaa kilometri 30 mbali na kazi yake, mahali pasipo basi wala treni, atafanya nini? Kwake esanse si anasa, ni mkate. Ndiyo maana mkubwa wa siasa akitaka kuongeza kodi ya esanse, anaogopa. Kodi ya serikali kuu ni senti 18.4 kwa kila galoni, maana yake karibu lita 4, na haikubadilika tangu mwaka wa 1993. Mambo ya baridi na joto ni vilevile: nyumba karibu 9 katika kila 10 zina mashini ya kupoza hewa, na miji mikubwa imekua katika jangwa na katika joto la Kusini kwa sababu mashini ile ipo. Mzigo wa mawazo ya wazazi umekuwa wa mawe; hautupwi kwa hotuba moja.

IV. Imani katika ufundi

Wazo la nne ni hili: kila shida ina fundi wake. Wamarekani walikuwa na sababu ya kusadiki hivyo. Katikati ya miaka ya 1930, mashamba karibu 1 tu katika 10 yalikuwa na umeme. Makampuni yalisema ya kuwa kupeleka nyaya mpaka kwa wakulima hakuna faida. Mwaka wa 1935 Rais Franklin Roosevelt alianzisha kazi ya kuwakopesha wakulima franga, nao wakajiunga katika vyama vyao, wakasimamisha miti na nyaya. Kwa miaka 20 hivi, mashamba 9 katika 10 yalipata umeme. Tuangalie vizuri: watu wale waliosifu kujitegemea walijua pia kuungana.

Imani hiyo katika ufundi imefika mpaka kwetu. Uraniumu ya Shinkolobwe, katika Katanga, zaidi ya tani 1,000, ilipelekwa New York mwaka wa 1940, na jeshi la Marekani likainunua mwaka wa 1942. Ilitumiwa katika kazi ya kutengeneza mabomu yaliyoanguka juu ya Japani katika Agosti 1945. Kiisha, tarehe 8 Desemba 1953, Eisenhower alisema mbele ya Umoja wa Mataifa ya kuwa nguvu ileile iliyoua itatumikia amani. Wengi waliamini ya kuwa shida ya nguvu imekwisha kabisa. Mwaka wa 1959 mtambo mdogo wa atomu, uliotengenezwa na Wamarekani, uliwashwa katika Chuo Kikuu cha Lovanium mjini Kinshasa. Ulikuwa wa kwanza katika Afrika.

Imani katika ufundi si ubaya. Lakini ina hatari yake: inamzuia mtu asijiulize «kinanitosha kiasi gani?», kwa sababu anangoja fundi amwambie «ongeza, haina neno».

V. Sauti nyingine katika nyumba ileile

Lakini tutakosa haki tukisema Wamarekani ni watu wa kutapanya tu. Katika nyumba ile daima palikuwa na sauti nyingine. Mwaka wa 1872 walitenga inchi ya Yellowstone isiuzwe wala isikatwe, iwe ya taifa lote. Palikuwa mahali pa kwanza pa namna ile duniani. Gifford Pinchot, mkubwa wa misitu tangu mwaka wa 1905, alifundisha kukata miti kwa hesabu kusudi wajukuu waikute. John Muir alisema zaidi: msitu una heshima yake yenyewe, hata kama hauna faida kwa mtu. Mwaka wa 1913 wawili hao walitengana juu ya bonde la Hetch Hetchy katika California, lililotakiwa kufungwa kwa maji ya mji wa San Francisco. Muir alishindwa, bonde likajaa maji. Lakini ugomvi wao haujakwisha.

Katika miaka ya 1930 upepo ulibeba udongo wa mashamba yaliyolimwa bila akili. Wakulima maelfu na maelfu wakahama. Ndipo mwaka wa 1935 serikali ilipoanzisha kazi ya kutunza udongo. Wakati wa vita, mwaka wa 1942, esanse ilipimwa kwa kila jamaa, na motokari zilikatazwa kupita kilometri 56 kwa saa. Watu wengi walinung'unika, lakini walitii, kwa sababu waliona kusudi lililo la wote. Tarehe 22 Aprili 1970, watu karibu milioni 20 walikusanyika mahali mahali kudai hewa na maji safi. Mwaka ule serikali ikaanzisha idara ya kuvilinda. Na mwaka wa 2016, wenyeji wa Standing Rock, katika Dakota ya Kaskazini, waliwakumbusha Wamarekani wote, walipopinga bomba la petroli karibu na maji yao, ya kuwa inchi ile ilikuwa na wenyewe.

VI. Sweta ya Rais

Hadithi moja inaonyesha vizuri vita vilivyo ndani ya moyo ule. Katika Oktoba 1973 inchi za Waarabu zilikataa kuiuzia Marekani petroli. Magari yalipanga mistari mirefu penye esanse. Tarehe 2 Februari 1977, katika baridi kali, Rais Jimmy Carter alisema na taifa katika televisheni, amevaa sweta, akiwaomba watu wapunguze moto wa nyumba zao. Mwaka wa 1979 alitia juu ya paa la nyumba yake mashini za kupasha maji moto kwa jua. Julai ya mwaka ule alisema wazi ya kuwa ugonjwa haukuwa wa petroli tu. Ulikuwa ugonjwa wa watu wanaojipima kwa vitu walivyo navyo.

Siku za kwanza wengi walimsifu. Kiisha wakachoka. Mwaka wa 1980 alishindwa katika uchaguzi. Sababu zilikuwa nyingi: bei za vitu zilipanda, na Wamarekani walikuwa wamefungwa mateka kule Irani. Lakini mshindi wake, Ronald Reagan, alisema na moyo wa zamani: inchi yetu bado ni kubwa, hakuna mipaka. Mwaka wa 1986, walipotengeneza paa, zile mashini za jua ziliondolewa, wala hazikurudishwa.

Linganisheni na jambo hili. Mwaka wa 1975 sheria iliwaamuru watengenezaji wa motokari kupunguza ulevi wa esanse. Kwa miaka 10 hivi, motokari mpya zilikwenda karibu mara mbili zaidi kwa esanse ileile. Mmarekani anakubali upesi kuweka akiba inayoletwa na fundi. Anakubali kwa shida akiba inayomwomba ajinyime.

Tena kuna ajabu nyingine: Texas, nyumba ya petroli, ndiyo inayotoa umeme mwingi wa upepo kuliko majimbo yote ya Marekani. Mbona? Kwa sababu shamba ni la mwenyewe, na mwenye shamba analipwa kwa kila mnara unaosimama juu yake. Wazo lile lililomaliza petroli ya Spindletop ndilo lililosimamisha minara ya upepo. Kwa hiyo tusiseme ya kuwa wazo hili ni zuri na lile ni baya kabisa. Wazo ni kama kisu. Kinakata mkate, kinakata na kidole.

Ugomvi unaendelea. Marekani iliingia katika mapatano ya Paris juu ya hewa ya dunia mwaka wa 2016, ikatoka mwaka wa 2020, ikarudi mwaka wa 2021, na katika Januari 2025 Rais wao alitia sahihi amri ya kutoka tena. Taifa linalobishana na nafsi yake halijafanya shauri bado.

VII. Jibu kwa kijana

Sasa namrudia yule kijana. Hapana, mwanangu, si watu wabaya kuliko wengine. Ni watu waliolelewa na wingi. Inchi yao iliwafundisha kutofikiri mwisho; sheria yao iliwalipa wenye haraka; uhuru wao ulivaa magurudumu; na mafundi wao waliwaokoa mara nyingi, hata wakasahau kujiokoa wenyewe. Wana dawa ndani ya nyumba yao: akiba ya wazee wao, umoja wa wakulima waliovuta nyaya, utii wa wakati wa vita. Yote yasimama juu ya neno moja: wataelewa uhuru namna gani? Aliye huru ni yule asiyezuiwa na mtu, ao ni yule anayeweza kujizuia mwenyewe?

Lakini usitupe jiwe upesi. Kobalti ya Katanga inaingia katika betri za motokari za umeme, na wakubwa wa dunia wanatutazama kama zamani walivyotazama inchi ile ya magharibi. Na sisi? Zungukeni mji wa Lubumbashi muone miti ya pori imekatwa makala mpaka mbali. Aliyeikata alikuwa mtu maskini anayetafuta chakula cha watoto, nami simhukumu. Lakini nimesikia kwa masikio yangu neno analolisema, na mara ya kwanza sikutambua ya kuwa ni neno lilelile la wale walioua bizoni: «Pori halina mwisho.»

Siku utakapolisikia neno hili katika kinywa cha mtu, ao katika moyo wako mwenyewe, ujue ya kuwa hapo ndipo Marekani ilipoanzia.